Sura ya Sita: Herufi ya Shughuli

Ukitaka kuijua herufi nene iliyolala, anza na kadi ya mchango wa harusi. Ukikaa Janga, au popote jirani na Mlandizi, huzikosi mbili tatu ndani ya nyumba: nyingine ziko kwenye droo, nyingine zimechomekwa pembeni ya kioo, nyingine ni za maharusi ambao watoto wao sasa wanasoma shule. Majina ya bwana na bibi harusi yamekaa katikati, makubwa, manene, yameinamia kulia, na kila herufi imeishia na kijiguu au kimkia. Chini yake maelezo ya familia, tarehe ya mwisho ya kuwasilisha mchango na namba za simu za kamati vimepangwa kwa herufi za kawaida zilizosimama wima. Kabla hujasoma neno hata moja umeshajua wapi ni jina na wapi ni deni.

Kadi za namna hiyo nyingi huanzia steshenari: chumba kimoja kando ya barabara, kompyuta, printa, mashine ya kutolea kopi, na dada mmoja anayeweza kupokea maelekezo ya watu watatu wanaosema kwa mpigo. Mama wa bwana harusi atamwambia, "Mwanangu, hapo kwenye majina yalaze, halafu yakoleze yaonekane." Dada anajibu, "Sawa mama," anabonyeza I, anabonyeza B, kisha anageuza kioo cha kompyuta wote waone. Mama anaridhika. Kwenye kioo kila kitu kinapendeza. Fedheha, kama ipo, huja karatasi inapotoka.

Tuyatazame maumbo yenyewe. Serifu ni vile vijiguu vinavyofunga ncha za herufi, kama vile viwili vilivyoko juu na chini ya I kubwa kwenye kitabu hiki. Unene unajieleza. Mlalo ndio wenye mambo. Wengi wetu tunadhani italiki ni herufi ya kawaida iliyosukumwa ikaegemea upande, na hapo ndipo kazi nyingi huharibika. Itazame a ndogo. Ile iliyosimama ina tumbo chini na kofia juu. Ikichorwa kwa italiki na fundi anayeijua kazi yake, kofia inavuliwa, inabaki a ya mviringo yenye mkia, ileile mtoto anayofundishwa kuandika darasa la kwanza. Herufi f inashuka hadi chini ya mstari. Vijiguu bapa vya n na m vinatoweka, mahali pake panakuja vijikunjo vya kuingilia na kutokea, kana kwamba kalamu haikunyanyuliwa. Hiyo ni herufi nyingine kabisa, iliyochorwa upya kutokana na mwandiko wa mkono, na mwandiko huo ulikuwa wa kalamu yenye ncha bapa.

Kalamu bapa si ngeni Pwani. Mwanafunzi wa chuo cha Kurani wa zamani aliifahamu kalamu ya mwanzi iliyochongwa ncha kwa mshazari: ukiivuta huku inatoa mstari mnene, ukiivuta kule inatoa mwembamba, bila mkono kukazana. Misahafu iliyoandikwa Siyu, kisiwani Pate, katika karne ya 18 na ya 19, pamoja na nakshi zake nyekundu, nyeusi na manjano, ni kazi ya kalamu ya jamii hiyo. Unene na wembamba unaopishana ndani ya italiki umetokana na kifaa cha namna hiyohiyo, isipokuwa aliyekishika alikuwa karani wa Italia.

Mwaka 1501, mjini Venice, mchapishaji Aldus Manutius alitoa mashairi ya Virgil katika kitabu kidogo cha kushika mkononi, chote kikiwa kimepangwa kwa herufi za mlalo. Aliyezichonga ni Francesco Griffo wa Bologna. Hakuna neno lililolazwa ili lisisitizwe, kwa kuwa yote yalikuwa yamelala. Herufi hizo zilibanana vizuri na zilikuwa na sura ya mwandiko wa wasomi wa wakati ule. Herufi kubwa za mwanzo wa mistari, jambo la kuchekesha kidogo, ziliachwa zimesimama wima. Kazi ya kusisitiza ilikuja baadaye, italiki ilipoanza kuingizwa ndani ya maandishi yaliyosimama.

Unene una ukoo mwingine, na ni ukoo wa biashara. Kwa karne tatu na zaidi wachapaji wa Ulaya hawakuwa na herufi nene tunazozijua leo. Waliotaka kukazia walitumia ukubwa, wino mwekundu au italiki. Mwanzoni mwa karne ya 19, London ilipojaa mabango ya bahati nasibu, ya michezo na ya dawa za kila maradhi, watengenezaji wa herufi walianza kuzinenepesha hadi zikafanana na magogo. Mwaka 1845 kiwanda cha Fann Street, chini ya Robert Besley, kilisajili herufi iitwayo Clarendon, nene na yenye serifu nzito, iliyokusudiwa kukaa katikati ya maandishi ya kawaida na kulifanya neno lionekane kutoka mbali. Sheria ya Uingereza iliilinda kwa miaka mitatu tu. Ilipokwisha, kila kiwanda kikatoa ya kwake.

Kwa hiyo tunapokoleza na kulaza kwa pamoja tunaozesha watu wa koo mbili zisizofanana. Mlalo umetoka kwenye mkono wa karani, mwepesi na wa haraka. Unene umetoka kwenye bango, nao unataka kusikika hadi ng'ambo ya barabara. Matokeo yake ni sauti ya mshereheshaji wa harusi, anayepamba maneno huku amepaza sauti. Ndiyo maana herufi hii inakubalika sana kwenye shughuli, na ndiyo maana inachosha upesi ukiisoma ukurasa mzima.

Kuichora nako si mchezo. Hakuna kalamu ya kawaida inayotoa mstari mnene kiasi hicho, hivyo mchoraji hana mwandiko wa kuiga. Inabidi aamue mwenyewe nyama iende wapi. Akinenepesha kila mahali, matumbo ya a, e na b yanaziba. Akiacha mistari myembamba ibaki myembamba mno, inapotea kwenye printa iliyoishiwa wino. Wengi hupanua herufi kidogo, hupunguza mlalo, na huchimba vijipengo pale tao la n linapochomoka kwenye mguu wake ili wino usirundikane. Mlalo wenyewe mara nyingi ni wa nyuzi 10 na kitu, lakini jicho la msomaji hutambua hata nyuzi mbili zilizozidi.

Sasa turudi kwenye vile vitufe vya I na B. Fonti iliyokamilika huja na michoro minne: ya kawaida, ya italiki, nene, na nene ya italiki. Times New Roman, iliyoanza kutumika katika gazeti la The Times la London tarehe 3 Oktoba 1932 chini ya usimamizi wa Stanley Morison, iliingia kwenye Windows mwaka 1992 ikiwa na michoro yote minne. Georgia ya Matthew Carter, iliyotolewa mwaka 1996 kwa ajili ya vioo vya kompyuta, nayo ni hivyohivyo. Lakini kipenzi cha kadi zetu za harusi kwa miaka mingi kimekuwa Monotype Corsiva, fonti iliyochorwa na Patricia Saunders kwa kufuata mwandiko wa makarani wa Italia. Inayokuja na programu za ofisi ina mchoro mmoja tu, tena umeshalala tayari. Haina mwenzake mnene. Mama anaposema "yakoleze" na dada akabonyeza B, kompyuta haimwambii kwamba kitu hicho hakipo. Inazipaka herufi zile unene wa kubuni kwa kuongeza rangi pembeni mwa kila mstari, mnene na mwembamba sawasawa. Bonyeza na I, inazisukuma zilale zaidi wakati tayari zimelala. Herufi kubwa zenye mikia ya madaha zinageuka kuwa za mtu anayekaribia kuanguka. Kadi nyingi zinazoonekana "zimekosa kitu", na mwenye kadi hajui ni nini, ugonjwa wake ni huo.

Kipimo ni chepesi. Chagua fonti yenye serifu, iliyosimama wima, andika a, ilaze. Kama kofia imebaki kichwani, kuna uwezekano mkubwa kwamba kompyuta imebuni. Kama imevuka na kuwa a ya mviringo, kuna fundi aliyekaa akaichora.

Uchapaji wa Kiswahili haukuanza na wingi wa namna hii. Edward Steere alifika Zanzibar mwaka 1864 pamoja na Askofu Tozer wa misheni ya Kianglikana ya UMCA, na katika miaka hiyohiyo ya 1860 chapa ya misheni ilianza kutoa karatasi za Kiswahili. Baadaye, katika chuo cha Kiungani nje kidogo ya mji, ndipo lilipoanzishwa jarida la Msimulizi mwaka 1888. Chuo hicho, St. Andrew's, kilihamishiwa bara mwaka 1925 na kuwa Minaki, Kisarawe. Mpangaji wa herufi wa enzi hizo alifanya kazi kwa kuokota vipande vya risasi kutoka kwenye sanduku lenye vyumba. Kila mchoro ulihitaji sanduku lake, kila saizi ilihitaji sanduku jingine, na yote yalikuja kwa meli. Chapa ndogo ilitaka sanduku la maandishi ya kawaida, la italiki, na labda moja la herufi nene za vichwa. Sanduku la nne lilikuwa anasa.

Wajerumani bara walikuwa na shida yao. Gazeti la walowezi, Deutsch-Ostafrikanische Zeitung, lililoanza Dar es Salaam mwaka 1899, lilitumia zile herufi za Kijerumani zenye pembe na miiba, na herufi hizo hazina italiki kabisa. Wakitaka kukazia neno waliachanisha herufi zake.

Mashine nazo hazikusaidia sana. Linotype, iliyoanza kazi mwaka 1886 na kutawala vyumba vya magazeti kwa karibu karne nzima, ilikuwa na kalibu ndogo za shaba, na kila kalibu ilibeba sura mbili tu za herufi moja: ya kawaida pamoja na italiki, au ya kawaida pamoja na nene. Opereta aliyetaka nene ya italiki ilimbidi abadili ghala zima la kalibu kwa ajili ya neno moja. Hakubadili. Ukifungua gazeti la zamani ukaona vichwa vya habari vimenenepa na maelezo ya picha yamelala, lakini viwili hivyo havikutani katikati ya habari, sababu ni chuma zaidi ya ladha ya mhariri.

Ofisini kulikuwa na taipureta, na taipureta ya kawaida haikulaza wala haikukoleza. Ilipiga mstari chini. Mpaka leo barua zetu za kiofisi zina ile YAH: na kichwa chake, kwa herufi kubwa, nene, na mstari chini, ingawa kompyuta imeuondoa ulazima wa ule mstari. Hata wasahihishaji wa miswada walikuwa na lugha yao ya mistari: mnyoofu chini ya neno ni kulilaza, wa mawimbi ni kulikoleza, yote miwili ni hii herufi yetu ya shughuli. Siku hizi nakutana na barua ambazo kichwa kimekolezwa, kimelazwa na kupigiwa mstari, vyote kwa pamoja. Mwandishi hakuamini hata kimoja kati ya vitatu hivyo kuwa kinatosha.

Kiswahili kinaipa herufi hii mtihani ambao walioianzisha hawakuufikiria. Griffo alichonga italiki yake kwa ajili ya Kilatini. Kilatini hakina w, na k hutokea kwa nadra sana. Herufi hizo mbili ziliongezwa baadaye na wachongaji waliohudumia lugha za kaskazini ya Ulaya, na katika fonti nyingi unaona kabisa kwamba ni wageni waliokaribishwa mwishoni. Sisi hatuwezi kumaliza sentensi bila hizo. Kwa, wakati, kwamba, wakwe, kwenu: ukurasa wa Kiswahili umejaa k na w zilizoshikana mikono. Katika italiki nene, w ni pana na nyeusi, k inarusha mkono wa juu na mguu wa chini, na kati yao panabaki ama pengo ama mgongano. Kabla sijakubali fonti kwa kichwa cha Kiswahili naandika "kwa wakwe" kwa saizi kubwa na kuangalia. Fonti ikilivuka hilo, mengine yatajipa.

Halafu kuna h. Katika italiki za mtindo wa kale, mguu wa kulia wa h hujikunja kwa ndani kuelekea mwenzake. Kwenye maandishi membamba inapendeza. Ukiikoleza, mguu ule karibu unafunga tumbo, na h inakuwa b. Kwa Kiingereza msomaji ataotea. Kwa Kiswahili "hata" inakuwa "bata", "hapa" inakuwa "bapa", "hali" inakuwa "bali", na yote ni maneno halali. Mwaliko unaosema wageni mfike bila kukosa hata mvua ikinyesha unaweza kuingiza ndege wa bwawani bila kukusudia.

Na a ndiyo iliyo nyingi kuliko zote. Neno "wanakaribishwa" lina herufi 14, nne kati yake ni a. Kwa italiki kila moja ni tumbo dogo la mviringo, na kwa unene tumbo hilo linabaki na mwanya mdogo tu. Likitoka kwenye printa nzuri, sawa. Likipitishwa kwenye mashine ya kopi, kisha kopi ikatolewa kopi, kama inavyotokea kwa matangazo ya mikutano ya kijiji, matumbo manne yanakuwa madoa manne. Ndiyo maana Georgia nene ya italiki, ambayo herufi zake ndogo zina miili mikubwa na matumbo ya wazi, inavumilia mazingira yetu kuliko fonti nyingi za madaha. Ina kasoro moja kwenye kadi: tarakimu zake zinapanda na kushuka, 3 na 9 zinaning'iniza mikia chini ya mstari, na namba ya simu ya mweka hazina inaonekana kama inacheza ngoma. Majina yaandikwe kwa Georgia, namba ziandikwe kwa fonti nyingine iliyotulia.

Matumizi mengine yanajulikana kwa wote. Vyeti vya semina hulikoleza na kulilaza jina la mhitimu, na hapo ni mahali pake hasa: neno moja au mawili, makubwa, pembezoni tupu. Misiba ya Kikristo ina ratiba za mazishi zenye jina la marehemu kwa herufi hii chini ya picha. Kwa Waislamu, wanaozika upesi, karatasi huja baadaye, kwenye hitima au maulidi. Mabango ya kampeni huitumia kwa kauli fupi ya mgombea. Vitabu vya sarufi huihitaji pale mwandishi alipokwisha kutumia italiki kwa mifano na sasa anataka kuonyesha kiambishi kimoja ndani ya mfano: katika neno lililolazwa lote, -ki- ikikolezwa inaonekana mara moja. Hayo ndiyo matumizi ya kisomi ninayoyaona halali zaidi, na ndiyo yasiyosifiwa na mtu.

Kanga imeikataa. Jina la kanga kwa kawaida huandikwa kwa herufi kubwa, zilizosimama, mara nyingi bila kijiguu chochote, na sioni sababu ya kubadili. Maneno yale husomwa juu ya mwili unaotembea, kitambaa kikijikunja na kukunjuka, na aliyelengwa huwa hana nafasi ya kuomba arudishiwe nyuma asome tena. Mwili wenyewe umeshaleta mlalo wa kutosha.

Imebaki ng'. Kile kidoti cha juu katika ng'ombe au Ng'ambo, kwenye maandishi manene ya mlalo, hukaa kwenye kona mbaya: g imeinama kuelekea kwake, na irabu iliyo mbele iko mbali. Kompyuta inaacha nafasi inayolikata neno vipande viwili. Mpangaji makini huchagua kidoti na herufi inayofuata, akapunguza nafasi kidogo mpaka neno lishikane tena. Ahakikishe pia kidoti chenyewe kimelala na kimenenepa pamoja na wenzake, maana kikinakiliwa kutoka kwenye ujumbe wa simu mara nyingine hubaki kimesimama peke yake.

Kazi ikishakubaliwa na familia, dada wa steshenari anaituma Kariakoo ikachapwe kwenye karatasi ngumu, na hapo kazi nyingi ndipo zinapovunjika. Akituma faili la Word, kompyuta ya Kariakoo ikikosa ile fonti itaweka nyingine bila kuuliza, majina yatapanuka, na jina la ukoo litashuka mstari wa pili peke yake. Inafaa alihifadhi kwa PDF huku fonti zimefungwa ndani, alifungue kwenye simu yake mwenyewe kwanza, na ayasome majina herufi kwa herufi mbele ya mama.